Miezi Sita ya Kutibu Kibofu kwa Njia ya Simu: Niliyokosea na Yaliyonisaidia

Kwa miaka tisa mkojo ulikuwa ukinitoka bila hiari yangu, na kwa miaka yote hiyo sikumweleza mtu. Tatizo lilianza baada ya kujifungua mtoto wangu wa tatu. Mwanzoni yalikuwa matone machache nikikohoa au nikipiga chafya, nikajiambia kwamba ndivyo mwili wa mzazi ulivyo na kwamba yataisha yenyewe. Hayakuisha. Baadaye likaongezeka jambo la pili, ambalo kwangu lilikuwa zito zaidi kuliko la kwanza: haja ya ghafla isiyotoa nafasi, ambayo mara nyingi ilinijia nikiwa nimesimama mlangoni mwa nyumba yangu na ufunguo mkononi, hatua chache tu kutoka chooni, na bado nisiwahi.

Aliyepitia hali hii anajua jinsi maisha yanavyopungua kidogo kidogo pasipo mtu kutambua. Niliacha kutembea na wenzangu jioni, nikawa nachagua kiti cha karibu na mlango katika kila mkutano, nikaanza kubeba nguo za akiba kwenye mfuko mweusi, na nikaacha kunywa maji kuanzia asubuhi kila nilipokuwa na safari. Nayasema haya waziwazi kwa sababu najua wapo wanawake watakaosoma aya hii na kujiona wao, na ningependa wajue kwamba hali hii ina jina, yaani kushindwa kuzuia mkojo, ina aina zake, na kwa wengi wetu ina tiba isiyohitaji kisu wala dawa.

Nilianza kutafuta tiba kwenye simu kwa sababu moja tu: sikuweza kuyatamka maneno yale mbele ya mtu aliyeketi upande wa pili wa meza. Nilikuwa nimewahi kufika kwa daktari mara mbili nikiwa na nia ya kusema, na mara zote mbili nikaishia kueleza maumivu ya mgongo. Usiku mmoja, watoto wakiwa wamelala, nikaandika shida yangu kwenye simu, na hapo ndipo nilipojua kwamba kuna wanawake wanaotibiwa wakiwa nyumbani kwao. Huko Sweden, watafiti wa Chuo Kikuu cha Umeå walitengeneza programu ya simu iitwayo Tät, inayofundisha mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, yaani ile inayoshikilia kibofu na kizazi kwa chini, na katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017 wanawake walioitumia kwa miezi mitatu walipata nafuu kuliko waliokuwa wakisubiri zamu yao. Uholanzi nako walilinganisha wanawake 262, baadhi wakitumia programu ya simu na wengine wakipata huduma ya kawaida ya daktari wa familia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba waliotumia simu hawakuachwa nyuma na wenzao. Habari hizo zilinipa moyo. Kosa langu ni kwamba zilinipa pia haraka.

Sikutofautisha huduma na huduma. Siku hizi mambo matatu tofauti yanaitwa kwa jina moja la tiba ya mbali. Kuna programu unayoifuata peke yako, kuna mpango ambamo mtaalamu anasoma taarifa zako na kukujibu kwa ujumbe, na kuna kliniki kamili ya kuonana kwa video. Mimi nilichagua programu iliyokuwa na picha nzuri kuliko nyingine, nikalipia mwaka mzima kwa mkupuo kwa sababu walipunguza bei, na sikujiuliza ni nani aliyeiandaa wala ni nani angenijibu nikikwama. Hapakuwa na wa kunijibu. Fedha ile haikurudi, na nilichokuja kulipa baadaye kwa miezi sita ya huduma ya kweli hakikuizidi sana. Anayeanza leo ningemshauri aangalie kwanza kama majina na taaluma za waandaaji yametajwa, kama kuna mtu halisi wa kuulizwa, na kama kuna kipindi cha majaribio kabla ya malipo, na hata akiridhika alipe mwezi mmoja mmoja.

Kosa la pili nililifanya siku ile ile ya kwanza. Programu ilinipa dodoso fupi: mkojo unakutoka mara ngapi, kwa kiasi gani, na unaathiri maisha yako kwa kiwango gani. Nikaandika kwamba ni mara moja kwa wiki, kiasi kidogo. Nilikuwa peke yangu chumbani, hakuna aliyekuwa akiniangalia, na bado nilidanganya. Aibu haihitaji shahidi. Matokeo yake nilipangiwa mazoezi ya mtu mwenye tatizo dogo la kuvuja wakati wa kukohoa, na upande wa haja ya ghafla, ambao ndio uliokuwa ukinitesa, haukuguswa kabisa. Inafaa kueleza hapa kwamba kuna aina kuu mbili: ile ya mkazo, ambayo mkojo hutoka unapokohoa, unapocheka, unaporuka au kuinua kitu kizito, na ile ya haja ya ghafla, ambayo kibofu hujikaza kabla ya wakati wake. Wengi tunazo zote mbili kwa pamoja, na tiba ya moja haitoshi kila mara kwa nyingine.

Nilifanya mazoezi kwa wiki saba bila kuruka hata siku moja. Simu ilinikumbusha mara tatu kwa siku, nami nilibonyeza kitufe cha kuthibitisha kwamba nimemaliza, na kila nilipobonyeza ilinipongeza. Mwishoni mwa wiki ya saba nilikuwa navuja zaidi ya nilivyokuwa navuja mwanzoni. Nililia siku hiyo, si kwa sababu ya mkojo wenyewe, bali kwa sababu nilidhani nimejaribu njia ya mwisho na imeshindwa. Nilifuta programu ile na kukaa mwezi mzima bila kufanya lolote.

Aliyeniokoa ni mtaalamu wa fiziotherapia ya nyonga, yaani tiba ya mazoezi ya misuli hiyo, niliyempata kwa video katika mpango mwingine. Siku ya kwanza niliegemeza simu kwenye rundo la vitabu juu ya kitanda, nikafunga mlango kwa funguo, nikawasha redio upande wa pili wa mlango ili watoto wasisikie. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri na akaniita mama tangu salamu hadi mwisho. Hakuniomba nivue nguo, na hilo liliniondolea hofu niliyokuwa nayo wiki nzima. Aliniomba nikunje taulo liwe kama gogo dogo, niliweke juu ya kiti kigumu, nilikalie kwa urefu wake, kisha nimwonyeshe zoezi kama nilivyolizoea. Nikakaza. Akatazama kidogo, akasema kwa upole, "Mama, naona tumbo linatoka nje na pumzi umeibana. Niambie, unahisi unalikandamiza taulo au unaondoka juu yake?" Nilikuwa nalikandamiza. Kwa wiki saba nilikuwa nasukuma kuelekea chini mahali ambapo nilipaswa kuvuta kuelekea juu.

Aliniambia nisijilaumu, kwa kuwa kosa hilo ni la kawaida sana kwa wanaojifunza kwa maandishi au kwa maneno matupu. Baadaye nilisoma mwenyewe kuhusu utafiti wa mwaka 1991 uliowapima wanawake 47 waliokuwa wamepewa maelekezo mafupi ya mdomo: kama nusu yao walikaza vizuri, na robo walikaza kwa namna ambayo ingeweza hata kuongeza tatizo. Mimi nilikuwa katika robo ile, na simu yangu haikuwa na macho ya kuona.

Alinifundisha upya kwa maneno ambayo nayarudia hapa kama alivyoyasema: anza kwa kuvuta kama mtu anayezuia upepo usitoke nyuma, kisha endeleza mvuto huo kuelekea mbele kama anayezuia mkojo, mpaka uhisi unajiinua ndani, huku makalio, mapaja na tumbo vikiwa vimelegea na pumzi ikiendelea kuingia na kutoka. Mkono mmoja uweke juu ya kitovu. Ukisukumwa nje, umekosea. Kisha achia kabisa, kwa kuwa kuachia ni nusu ya zoezi. Akanionya nisiufanye kuwa desturi mtindo wa kukata mkojo katikati ili kujipima, maana unaweza kukizoesha kibofu kutomaliza mkojo wote. Kipimo alichonipa kinalingana na mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, yaani mikazo isiyopungua minane, mara tatu kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Aligawanya mikazo hiyo kuwa ya kushikilia na ya haraka, na akaniongezea desturi ya kukaza sekunde moja kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kuinua mzigo. Hiyo desturi ndogo ndiyo iliyoleta mabadiliko ya kwanza niliyoyaona kwa macho yangu, na ilichukua kama wiki tatu.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, alinituma nje ya nyumba. Alikataa kuendelea na mazoezi mpaka nipimwe mkojo kuona kama kuna maambukizi, na nikaguliwe ana kwa ana mara moja kuhakikisha kwamba kizazi au kibofu hakijashuka na kwamba mkojo unatoka wote ninapokwenda haja. Niliudhika, kwa sababu nilikuwa nimechagua simu ili nisikaguliwe. Leo naona kwamba huduma ya mbali isiyokuuliza maswali hayo si ya kuaminiwa. Damu kwenye mkojo, maumivu makali, maambukizi yanayojirudia, kushindwa kutoa mkojo, au kitu unachohisi kinashuka ukeni ni mambo ya kupelekwa kwa daktari bila kungoja ratiba ya programu yoyote, na ganzi sehemu za siri ikiambatana na miguu kulegea ni dharura ya siku hiyo hiyo. Na mwanamke ambaye mkojo unamtoka mfululizo usiku na mchana baada ya uzazi mgumu anaweza kuwa na fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Huyo asipotezewe muda na mazoezi, kwa sababu hayafungi tundu. Anahitaji hospitali yenye wataalamu wa kuishona.

Niliporudi na majibu mazuri nilipewa kazi ya kuandika shajara ya kibofu. Kwa siku tatu, mojawapo ikiwa ya mapumziko, niliandika kila nilichokunywa na saa yake, kila nilipokwenda haja na kiasi kilichotoka, na kila mkojo uliponiponyoka pamoja na nilichokuwa nafanya. Nilinunua jagi la plastiki la kupimia lenye mistari ya mililita, nikaliweka nyuma ya mlango wa bafu, na pembeni daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi isipotee. Pedi nilizipima kwa mizani ndogo ya jikoni, zikiwa kavu na zikiwa zimelowa, kwa hesabu kwamba kila gramu moja iliyoongezeka ni kama mililita moja ya mkojo. Nakiri kwamba siku ya kwanza niliona kazi hiyo ni ya kudhalilisha. Siku ya tatu nilisoma kurasa zangu kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwake.

Nilikuwa nakwenda chooni mara 14 kwa siku, na mara nyingi jagi lilionyesha mililita 90, 110, au 80. Kibofu cha mtu mzima kwa kawaida huweza kubeba mililita 300 hadi 400 bila taabu. Nilikuwa nimekifundisha changu kupiga kelele kikiwa na robo tu, kwa desturi yangu ya kwenda haja kila nilipopita karibu na choo, eti nisije nikaaibika. Na maji niliyokuwa nakunywa hayakufika lita moja, kwa hiyo mkojo ulikuwa mzito wa rangi, na mkojo wa namna hiyo huweza kukichokoza kibofu. Chai na kahawa ndizo zilizokuwa zimejaza safu ya vinywaji. Kama ningepewa nafasi ya kuokoa jambo moja tu katika safari hii yote ningeiokoa shajara, kwa kuwa ndiyo iliyomwezesha mtu aliye mbali kuyaona maisha yangu kama yalivyo, na ilinizuia nisiseme tena kwamba ni mara moja kwa wiki.

Mafunzo ya kibofu yalidumu zaidi ya wiki sita ambazo huhesabiwa kuwa muda wa chini. Utaratibu wenyewe ni mwepisi kuueleza na mgumu kuufuata: haja inapokujia kabla ya saa uliyopanga, usikimbie, simama au keti, kaza misuli kwa haraka mara tano au sita, vuta pumzi, hesabu kwa kurudi nyuma, ngoja wimbi lipite, kisha nenda ukitembea. Nilianza kwa kila saa moja, nikawa naongeza dakika 15 kila nilipoona siku kadhaa zimepita salama. Mlango wa nyumba ndio ulionishinda kwa muda mrefu kuliko vyote. Mtaalamu wangu alinielekeza nifike, niweke mizigo chini, nisimame kimya nikiwa na ufunguo mkononi, nikaze, ningoje, ndipo nifungue. Wiki ya nne nilishindwa mbele ya mlango ule mara mbili kwa siku moja nikamwandikia kwamba naacha. Alinijibu kesho yake asubuhi akaniuliza nililala saa ngapi na kama tumbo langu lilikuwa linakwenda haja kubwa vizuri. Lilikuwa limefunga kwa siku nne. Sikuwahi kujua kwamba choo kigumu hukibana kibofu na kuichosha misuli ile ile ninayoijenga.

Katikati ya safari nilishawishika kununua kifaa cha kuingiza ukeni chenye vihisio, kinachoonyesha nguvu ya mkazo kwenye simu. Kilikuwa kitu cha gharama kubwa kuliko vyote nilivyonunua, na nilikitumia chini ya mwezi. Si kwamba vifaa hivyo ni vibaya. Kwa mwanamke asiyehisi kabisa misuli yake vinaweza kumsaidia kuitambua. Ila jaribio kubwa lililofanywa Uingereza kwa wanawake 600, lililochapishwa mwaka 2020, liliwalinganisha waliofanya mazoezi wakiwa na kifaa cha namna hiyo na waliofanya bila kifaa, na baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti ya maana. Ningelijua hilo mapema ningeitumia fedha ile kuongeza vikao viwili au vitatu vya video.

Kuhusu siri, nilijifunza kwa uchungu. Simu yangu ilikuwa mikononi mwa mwanangu wa pili, akitafuta picha, ndipo ujumbe ulipojitokeza juu ya kioo ukiuliza kama leo mkojo umenitoka. Alinikabidhi simu bila kusema neno, na macho yake yakaangalia chini. Usiku ule nilizima maandishi ya taarifa ili ionekane ishara tu, nikaweka namba ya siri kwenye programu, na nikasoma kwa mara ya kwanza masharti niliyokuwa nimeyakubali. Niligundua nilikuwa nimeruhusu taarifa zangu zitumike kwa matangazo, nikaondoa ruhusa hiyo, na kwa programu ile ya kwanza niliandika kuomba kumbukumbu zangu zifutwe, kwa kuwa kuiondoa kwenye simu hakufuti kilichokwisha kuhifadhiwa kwao.

Tukio hilo pia ndilo lililonifanya nimweleze mume wangu. Nilitarajia maswali mengi. Aliuliza moja tu: kwa nini sikumwambia kwa miaka tisa. Sikuwa na jibu zuri. Tangu hapo vikao vyangu vya video vilikuwa na mtu wa kuwatoa watoto nje kwa nusu saa, na siihesabu nafasi hiyo kuwa jambo dogo, kwa maana tiba ya nyumbani inataka nyumba yenyewe ikupe mahali pa kutibiwa.

Dodoso lile la mwanzo lina alama kuanzia 0 hadi 21, na alama nyingi ni tatizo kubwa. Nilipolijibu kwa ukweli mbele ya mtaalamu nilipata 14. Baada ya miezi sita nimepata 5. Nakwenda haja mara saba au nane kwa siku, jagi linaonyesha mililita 250 na kupanda, na wembe wa hofu uliokuwa ukinikata mlangoni umekuwa butu. Bado nikiwa na mafua makali matone hunitoka, na mtaalamu ameniambia wazi kwamba nisiporidhika na hapo nilipofika, hatua zinazofuata, kama dawa za kutuliza kibofu, kifaa cha kutegemeza kinachowekwa ukeni, au upasuaji, zinahitaji kliniki ya ana kwa ana. Kwa sasa nimeridhika. Mazoezi nayaendeleza mara moja kwa siku, kwa kuwa misuli hii hulegea ikiachwa.

Mdogo wangu alijifungua mwaka jana. Mwezi uliopita alinipigia simu, akazungumza habari nyingi, na karibu na kukata akauliza kama ni kawaida mtu kubadilisha nguo kila anapopiga chafya. Sikumtumia jina la programu. Nilimwambia kwanza aende akapimwe mkojo, kisha nikampigia picha ukurasa mtupu wa daftari langu, wenye safu nne nilizozichora kwa rula, nikamwambia anunue jagi lenye mistari. Jana usiku alinitumia picha ya ukurasa wake wa kwanza. Mstari wa juu kabisa, kwa mwandiko wake uleule wa shuleni, unasomeka: saa 12:40 asubuhi, mililita 280, sijavuja.